Mashine ya kuoshea vyombo isiyopasha maji: kutafuta chanzo na kuitengeneza

Mashine ya kuoshea vyombo iliyoacha kupasha maji mara nyingi haitoi ishara yoyote ya ugonjwa wake. Inajaza maji, inazungusha mikono ya kunyunyizia, inatoa maji machafu, na mwishoni inalia kama kawaida. Ni pale mlango unapofunguliwa ndipo mwenye nyumba anapokuta sahani zina utando, sufuria ya samaki wa nazi imebaki na rangi ya manjano, na nusu ya kidonge cha sabuni imelala chini haijayeyuka. Mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzi joto 24 hivi, kwa hiyo hata maji yenye uvuguvugu huyaondoa kwa kiasi. Mafuta ya ng'ombe yanahitaji zaidi ya nyuzi 40. Ukiona mabaki ya pilau ya nyama yameganda tena juu ya glasi zilizoingia zikiwa safi, maji hayakupata joto.

Hitimisho linalofuata, kwa wenye mashine na kwa mafundi wengi pia, ni kwamba hita imekufa. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba moja ambako hita ilikuwa imekwisha kubadilishwa mara mbili na tatizo liko palepale. Kilichokuwa kinazuia joto ni chujio la bomba la kuingiza maji, kipande cha wavu chenye ukubwa wa shilingi, kilichojaa mchanga wa tangini. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza mbali na hita na kuifikia baadaye. Unahusu mashine za nyumbani za umeme wa volti 220 hadi 240 zinazounganishwa na maji baridi na kuyapasha zenyewe, ambazo ndizo zinazouzwa zaidi kwetu. Zile za Marekani nitazitaja kwa ufupi, kwa sababu zina tabia zao.

Thibitisha kwanza kwamba haipashi

Vyombo kutoka vikiwa na matone ya maji si ushahidi wa kutosha. Mashine nyingi za sasa hazina hita ya kukaushia. Hukausha kwa kupasha maji ya suuza ya mwisho, vyombo vikabaki na joto, na mvuke ukaganda kwenye kuta za chuma. Vyombo vya plastiki havihifadhi joto, hivyo hutoka vimelowa hata kwenye mashine nzima, na kikombe cha udongo hutoka na matone ikiwa dawa ya suuza imekwisha. Angalia pia programu iliyochaguliwa: programu ya suuza ya awali haipashi maji kabisa, na programu nyingi za haraka hufika nyuzi 40 au 45 tu.

Chagua programu ya nyuzi 65 au 70, iache mashine bila vyombo, na kabla ya kubonyeza kitufe cha kuanza nenda kwenye mita ya umeme. Hiki ndicho kipimo ninachokipenda kuliko vyote, kwa sababu hakihitaji kufungua skrubu hata moja. Mita za tokeni, iwe LUKU au za upande wa Kenya, zina taa ndogo nyekundu inayopepesa kadiri umeme unavyotumika, na usoni mwa mita imeandikwa idadi ya mipepeso kwa uniti moja. Tuseme ni 1000. Zima friji, pampu ya maji, pasi, kiyoyozi na hita ya bafuni, kisha hesabu sekunde kati ya mpepeso mmoja na unaofuata. Gawanya 3600 kwa sekunde hizo, nawe umepata wati zinazotumika wakati huo. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawanya 2250 badala ya 3600.

Pampu ya mashine peke yake hutumia wati chache, kwa kawaida chini ya 100, kwa hiyo taa itapepesa mara moja kwa sekunde 36 au zaidi. Hita nyingi ni za wati 1800 hadi 2100, na zinapowaka taa hupepesa karibu kila sekunde mbili; tofauti hiyo hata mtoto ataiona. Subiri bila haraka, kwani programu nyingi huanza kwa kusuuza kwa maji baridi na hita haiwaki mpaka hatua ya kuosha ianze, pengine dakika 10 au 20 baadaye. Ikiwa nusu saa imepita na taa haijabadilika, hita haipati umeme au imekatika. Ikiwa taa inakimbia kwa dakika moja kisha inapoa, kisha inakimbia tena, hita ni nzima na kuna kitu kinachoizima: fikiria maji kabla ya umeme. Na kama inakimbia mfululizo lakini maji hayapati moto, tatizo ni la volti au la sensa.

Kisha fungua mlango taratibu, subiri mikono isimame, na pima maji yaliyo chini kwa kipimajoto cha jikoni. Kupasha lita 4 kutoka nyuzi 25 hadi 65 kwa hita ya wati 2000 huchukua dakika zisizozidi 6 ukihesabu maji peke yake, ila tangi la chuma na vyombo navyo hunyonya joto, kwa hiyo dakika 15 hadi 25 ni jambo la kawaida. Kama kioo cha mashine kimeonyesha alama ya hitilafu, iandike kabla ya kuzima. Kwenye Bosch alama E09 huelekeza kwenye hita, kwenye LG ni HE, na kwenye mashine nyingi zilizotengenezwa na Midea na kuuzwa kwa majina mbalimbali ni E3. Alama hizo husema joto halikupatikana. Hazisemi kwa nini.

Maji kabla ya umeme

Mtengenezaji hakutaka hita iwake ikiwa kavu, kwa hiyo ameweka mlinzi: swichi ya mgandamizo au sensa inayohakikisha kwamba maji yapo na pampu inayasukuma. Mlinzi huyo asiporidhika, hita haiwashwi, nayo mashine huendelea kuosha kwa maji baridi au husimama njiani.

Vitabu vya mashine nyingi hudai presha ya maji isiyopungua bar 0.5, ambayo ni sawa na kimo cha mita 5 kutoka usawa wa maji ya tangi hadi kwenye mashine. Tangi lililowekwa kwenye mnara wa mita 3 nyuma ya nyumba linatoa bar 0.3 tu, na mashine iliyo ghorofani karibu na usawa wa tangi inapata hata chini ya hapo. Njia rahisi ya kupima ni kufungua bomba linaloingia kwenye mashine, kulielekeza kwenye ndoo ya lita 10, na kutazama saa. Ndoo ikijaa ndani ya dakika moja hivi, uko salama. Ikichukua dakika tatu, funga bomba, fungua kiungio cha mpira upande wa koki na upande wa mashine, na utoe vichujio vidogo kwa koleo la ncha nyembamba. Visugue kwa mswaki wa zamani. Ikiwa ni visafi na maji bado ni mfinyu, suluhisho ni pampu ndogo ya kuongeza presha, si hita mpya.

Baada ya hapo toa chujio kubwa lililo chini ya tangi la mashine na uangalie kisima chake, yaani kishimo ambamo maji hukusanyika. Mbegu za ndimu, vijiti vya meno, vipande vya glasi na karatasi za chupa za jamu hukaa humo na kuibana pampu. Toa mikono ya kunyunyizia, ipigepige, na uzibue vitundu kwa waya mwembamba. Maji yakishajaa na pampu ikiwa imesimama, usawa wake unapaswa kuonekana ukikaribia au kufunika kidogo chujio. Kama kisima ni kikavu, kuna tatizo la kuingiza maji au la mashine kuyatoa ovyo.

Kuna chanzo kingine ambacho sijakiona kikielezwa vya kutosha, nacho ni povu. Kwa kuwa vidonge vya mashine ni ghali na havipatikani kila duka, watu huweka sabuni ya maji ya kuoshea kwa mikono, au unga wa kufulia. Povu linalozalishwa huingia kwenye pampu pamoja na hewa, presha inashuka, swichi inakata, hita inazima. Povu likitulia hita inawaka tena. Huo ndio mchezo wa taa ya mita kukimbia na kupoa. Dawa yake ni kumwaga chumvi ya kawaida kiasi cha vijiko viwili chini ya tangi ili kuua povu, kutoa maji, na kurudia suuza mara mbili tatu. Hapo ikiwa mashine inapasha, kazi imekwisha na hujatumia hata senti.

Umeme unaofika

Nguvu ya hita haishuki sawasawa na volti, bali kwa mraba wake. Hita ya wati 2000 iliyotengenezwa kwa volti 230 ikipata volti 180, kama inavyotokea jioni mtaa mzima unapopika, hubaki na wati 1225 hivi. Mashine nyingine huvumilia na kurefusha muda. Nyingine hukata tamaa na kuandika hitilafu. Pima volti kwenye soketi wakati hita inapotakiwa kuwaka, si asubuhi mtaa ukiwa kimya. Ukiona volti ni 225 mashine ikiwa imesimama, kisha inaanguka hadi 195 hita inapowaka, kuna kiungio kibovu njiani: soketi iliyoungua, plagi iliyolegea, au waya wa kuongezea usiostahili. Mashine hii hutumia ampea 8 au 9, na waya mwembamba wa kuunganishia redio haukutengenezwa kwa kazi hiyo. Ushike baada ya dakika kumi, na ukiwa na joto, uondoe. Stabilaiza ndogo ya televisheni nayo si ya kutumika hapa.

Kuhusu mashine zilizoletwa kwenye kontena kutoka Marekani: hizo ni za volti 120 na masafa ya hezi 60, na zimekusudiwa kuunganishwa na maji ya moto ya nyumba, ya takriban nyuzi 49. Hita yake ni ya kusaidia tu. Ukiiunganisha na maji baridi ya tangi itaonekana haipashi, ilhali ni nzima. Iunganishe na bomba la maji ya moto kabla ya kuita fundi.

Kufungua mashine

Kuanzia hapa plagi lazima iwe imechomolewa na kulala mahali unapoiona, na koki ya maji iwe imefungwa. Kuzima kitufe cha mashine au swichi ya ukutani hakutoshi, kwa sababu kwenye nyumba ambayo laivu (waya wenye umeme) na nyutro (waya wa kurudisha) zimepishanishwa swichi hukata upande usio wa hatari na kuuacha wa hatari. Vipimo vyote nitakavyoeleza hufanywa bila umeme. Kupima volti ndani ya mashine iliyowashwa, yenye maji, ni kazi ya fundi umeme aliyesomea, na sitaieleza. Vaa glavu, maana bati za chini hukata kama wembe.

Toa maji yote kwa programu ya kumwaga, kausha kisima kwa sponji, vuta mashine nje, na ondoa ubao wa chini wa mbele. Mara nyingi nyuma ya ubao huo kuna karatasi iliyokunjwa yenye mchoro wa nyaya. Ni hazina, usiitupe. Kisha ondoa bati la ubavuni au, kwa mashine ya namna nyingine, ilaze kwa mgongo juu ya blanketi. Piga picha za nyaya kwa simu kutoka pande mbili kabla ya kuchomoa chochote.

Hita utaikuta katika moja ya sura tatu. Kwenye mashine za zamani ni bomba la chuma lililopinda, linaloonekana ndani chini ya kikapu, ambalo ncha zake mbili zinatokeza chini ya sakafu ya tangi. Kwenye nyingine ni kopo la chuma au plastiki ngumu ambalo maji hupita ndani yake, karibu na pampu ya mzunguko. Kwenye nyingi za miaka ya karibuni hita imeunganishwa ndani ya pampu yenyewe, na zikiharibika hubadilishwa pamoja.

Kupima hita

Chomoa waya mmoja wa hita, angalau mmoja, ili usipime vitu vingine vilivyounganishwa nayo. Weka multimita, yaani kipimo cha umeme cha mkononi, kwenye ukinzani wa omu 200, gusanisha ncha zake zenyewe kwanza uone ukinzani wa nyaya zake, kisha pima ncha mbili za hita. Hita nzima ya wati 1800 kwa volti 230 husoma karibu omu 29. Ya wati 2000 omu 26 hadi 27. Ya wati 2100 omu 25. Ukipata namba inayokaribia hizo, hita haijakatika, na rafiki yangu wa hita mbili angeokoa fedha zake hapa. Multimita isiposoma chochote, waya wa ndani umekatika.

Hita inaweza kuwa na ukinzani sahihi na bado ikawa mbovu, ikiwa inavuja umeme kwenda kwenye ganda lake. Dalili yake ni swichi ya kinga dhidi ya uvujaji kuruka maji yanapoanza kupata joto. Chomoa nyaya zote mbili, weka multimita kwenye kiwango cha juu kabisa, na pima kati ya ncha ya hita na ethi (waya wa ardhini) ya mashine; isisome kitu. Lakini multimita hutumia volti chache mno, na uvujaji mdogo hauonekani kwake. Fundi mwenye kile kipimo kinachoitwa mega atapima kwa volti 500, na akipata chini ya megaomu 1, hita hiyo isirudishwe kazini. Kuiondoa kinga ili mashine ifanye kazi ni kumuua mtu kwa awamu.

Vitu vinavyoizunguka hita

Karibu na hita, mara nyingi kwenye mstari huohuo wa waya, kuna themostati ya usalama au fyuzi ya joto, kidude kinachokata umeme joto likizidi. Ikiwa nzima, multimita itasoma karibu sifuri. Nyingine zina kitufe kidogo katikati cha kubonyeza ili zirudi. Nyingine zikishakata hubadilishwa. Usiiunge moja kwa moja kwa waya, hata kwa majaribio ya usiku mmoja, na usiibadilishe bila kuuliza kwa nini ilikata. Kwa kawaida imekata kwa sababu hita iliwaka bila maji ya kutosha, na jibu liko kwenye ile sehemu ya maji hapo juu.

Sensa ya joto ni kidude chenye nyaya mbili kinachopenya kwenye kisima au kwenye mwili wa hita. Ukinzani wake hupungua joto linapopanda. Nyingi husoma karibu kiloomu 10 kwenye nyuzi 25, nyingine karibu kiloomu 50, kwa hiyo namba yenyewe iangaliwe kwenye ile karatasi ya mchoro. Kinachoamua zaidi ni mwenendo wake: ipime ikiwa baridi, kisha itumbukize ncha yake kwenye kikombe cha maji ya moto ya chai. Namba ishuke taratibu bila kurukaruka. Sensa inayosoma ukinzani mdogo mno inaidanganya bodi, yaani ubao wa umeme unaoiongoza mashine, kwamba maji tayari yana moto, na hita haitawashwa kamwe.

Swichi ya mgandamizo hupimwa kwa mdomo. Chomoa kibomba chake, kisafishe, pulizia polepole. Utasikia mlio mdogo, na multimita ionyeshe kuungana au kuachana. Ute mweusi wa mafuta na sabuni ndani ya kibomba hicho huifanya ibaki imelala.

Vyote vikiwa vizima, kinachobaki ni bodi. Humo kuna relei, swichi inayoendeshwa na umeme, inayobeba mkondo wote wa hita, na ndipo mashine nyingi hufia. Fungua kasha la bodi, igeuze, na tazama chini ya miguu ya relei kwa kioo cha kukuzia: duara jeusi, rangi ya kahawia kwenye ubao, au ufa mwembamba kama unywele unaozunguka mguu. Kiungio kikiwa kimepasuka, nyonya lehemu ya zamani yote, safisha, na ulehemu upya kwa lehemu ya kutosha. Ikiwa ubao umeungua hadi njia ya shaba imenyanyuka, fundi mzuri wa televisheni atapitisha kipande cha waya wa ukubwa unaofaa kufuata njia hiyohiyo. Relei iliyoungua ndani ibadilishwe kwa nyingine yenye volti ileile ya koili, mara nyingi 12, na miguso ya ampea 16 au zaidi. Kagua pia vibano vya nyaya vinavyoingia kwenye bodi. Kilicholegea na kugeuka rangi kikatwe na kuwekwa kipya, la sivyo lehemu yako mpya itaungua tena.

Kubadilisha hita

Nunua kwa namba ya mfano iliyoandikwa ukingoni mwa mlango, si kwa umbo. Wati ziwe zilezile. Hita kubwa zaidi itaila relei uliyotoka kuitengeneza. Hita inapotoka, oringi yake (pete ya mpira ya kuzuia maji) isirudishwe hata ikionekana nzima, kwani mpira uliokaa miaka mingi kwenye joto umekwisha kuchukua umbo la pale ulipokuwa. Safisha mahali inapokaa, paka oringi mpya tone la sabuni ya maji ili isijikunje, ingiza sawasawa, na kaza bila kutumia nguvu za kupasua plastiki. Ethi irudishwe kabla ya nyaya nyingine.

Tazama hita uliyoitoa. Ikiwa imevaa ukoko mweupe mnene, kama ilivyo kawaida kwa maji ya visima vya Pwani, iliuawa na chokaa: ukoko huzuia joto kuingia majini, chuma kinazidi kuiva, waya wa ndani unakatika. Hita mpya itafuata njia hiyohiyo usipojaza chumvi maalumu ya mashine kwenye tangi lake la kulainishia maji na kuweka kiwango cha ugumu wa maji unaolingana na yako. Chumvi ya mezani ina viongezo vinavyoharibu kilainishi. Ile ya vijiko viwili vya kuua povu ni jambo jingine, kwa kuwa huwekwa ndani ya tangi la kuoshea na kumwagwa papo hapo.

Jaribio

Kabla ya kurudisha mabati, tandaza karatasi za kujifutia chini ya mashine, fungua koki, chomeka plagi na anzisha programu ya nyuzi 70, wewe ukiwa umekaa mbali na nyaya zilizo wazi. Tone lolote litaonekana kwenye karatasi mara moja. Kama kuna tone, chomoa plagi kwanza ndipo uinue mkono. Kisha mtume mtu akahesabu taa ya mita. Akirudi na sekunde mbili, ngojea kama dakika ishirini, fungua mlango taratibu, na mvuke ukupige usoni.